Jogoo wa Kosmasi

Mtani wangu Kosmasi,

Wote wanaisimulia vibaya. Wote! Faustino anakosea, Lurdi anakosea, hata hawa vijana wa maduka ya spea hapa mtaa wa Gerezani, ambao mto Ruvuma wameuona kwenye simu tu, nao wanasimulia ulivyovuka kutoka Msumbiji, na wanakosea kwa kujiamini. Aliyekuwa na wewe kwenye ule mtumbwi na bado anapumua ni mimi Selemani peke yangu. Nani ananiuliza? Hakuna.

Ndiyo maana nakuandikia. Mwandiko wangu ni ule ule wa ngumbaru, herufi zimelalia upande kama walevi, lakini utausoma. Ulikuwa unaibilizia kwangu, usijifanye mgeni.

Nimechoka, Kosmasi. Watu wetu wamenichosha. Unatujua, watu wa Msumbiji hapa Kariakoo, tukiwa wanne tuna vyama vitano. Ulipokuwa hai, wakianza tu mambo ya serikali ya nyumbani hapo kwenye karakana yako, ulikuwa unaigonga springi ya lori kwa nguvu mpaka wanyamaze wenyewe. Sasa nyundo imenyamaza, wao ndiyo wamefunguka.

Faustino, si ndiye mwenyekiti wetu, anasema ulivuka na sanduku la risasi kichwani, mpiganaji wa ukombozi. Kwake yeye, ukiisema serikali ya kule hata kwa bei ya unga, wewe kibaraka. Lurdi, yule wa duka la vitenge, anasema hapana, ulikuwa unawakimbia hao hao wapiganaji, walimchukua baba yako porini wakamwita msaliti, na wakubwa wanaficha. Wanavyopigiana kelele utadhani ulivuka mara mbili.

Sanduku la risasi! Wewe, na ile miguu yako ya njiti za kiberiti? Na baba yako aliondoka na homa, nilikuwepo anazikwa. Ulivuka na jogoo. Mama yako alikubania kwapani, mdomo kaufunga kwa kamba ya mgomba, asije akawika Mreno akatusikia. Katikati ya maji jogoo anakukodolea jicho moja, kama anasubiri umpe maelezo. Tulipofika upande huu ukamfungua. Akawika, jua liko utosini. Watu wazima wote wakakaa chini mchangani wakalia. Vita ninayoijua mimi ni hiyo. Haina chama.

Sasa sikiliza mazishi yako, maana ulikuwa umelala. Faustino kaja na bendera ya kule, anataka kukufunika nayo. Lurdi na wenzake wamevaa fulana zina sura yako na maneno "Ukweli Usemwe". Sura yako, Kosmasi, kwenye fulana! Sura ambayo hata sokoni isingepata mnunuzi. Halafu Faustino akamwambia binti yako Magreti msalaba uandikwe "Mpiganaji". Lurdi akasema uandikwe "Mhanga". Kila mmoja anaapa yasipoandikwa ya kwake, yeye na watu wake hawakanyagi arobaini. Mtoto kasimama katikati, kaikumbatia picha yako, ananiangalia. "Baba mdogo, nifanyeje?"

Basi nikafanya kazi ya mtani. Nikavaa ovaroli lako la grisi, nikateremka kaburini, nikalala chali. Kwa umri huu! Kiuno kililia, nadhani hata wewe ulikisikia. Nikawaambia huyu Mmakonde haingii, shimo limepata mpangaji. Watu wakaanza kupapasa mifuko, si wanajua mtani hatoki bure. Nikasema rudisheni hela zenu. Marehemu alinishika mkono siku ya mwisho, akaniambia, "Sele, wasinigombanie." Kwa hiyo bendera ikunjwe. Fulana zigeuzwe, sura iwe ndani. Msalabani jina tu. Hamtaki? Nizikeni mimi, yeye mrudi naye Kariakoo mkagombane naye mwenyewe.

Katekista akageuka pembeni, mabega yanamtikisika. Na mtani hakasirikiwi, wanajua. Faustino akaikunja bendera taratibu, macho mekundu. Lurdi akaenda nyuma ya mti, akarudi kageuza. Kuingia shimoni niliingia mwenyewe kama kijana. Kutoka... hayo tuyaache, walinivuta kama gunia la viazi.

Jana ndiyo arobaini. Magreti kapika pilau sufuria kubwa, kila kiatu kikisikika uani anachungulia. Aliogopa kula na majirani peke yao, mtu mwenyewe ulizika nusu ya Msumbiji hapa mjini. Wakaja. Wote, nakwambia! Faustino kakaa huku, Lurdi kakaa kule, katikati mimi na sahani yangu, Ruvuma kabisa. Nikawahadithia jogoo.

Faustino akatafuna, akasema, "Alikuwa mwekundu."

Lurdi akamrukia, "Mweupe! Kwani wewe ulikuwepo?"

Hakuwepo hata mmoja! Wakabishana mpaka ukoko ukaisha, nikaitamani nyundo yako niwagongee kitu. Nusura nisimame niwafukuze. Halafu nikamwona Magreti kashika mlango, anacheka, mkono mdomoni, kile kicheko chako cha kama mtu anayekabwa. Sijamsikia akicheka tangu uondoke. Nikakaa. Acha wabishane, angalau huyu kuku alikuwepo.

Msalaba umesimama. KOSMASI. Basi. Fundi kaniuliza aongeze nini, nikamwambia ongeza rangi.

Lala, mtani, Mmakonde pekee duniani uliyeshindwa kuchonga hata mwiko. Akitokea mtu na brashi anataka kukuongezea neno pale, wa serikali au wa kuipinga, atanikuta nimelala mbele ya msalaba, na safari hiyo hata wakileta winchi sitoki. Hiyo ahadi.

Ila kwa kuwa huko uliko utaulizwa, tuelewane kabisa usije ukaniumbua. Mtumbwi kweli. Jogoo kweli, na alikuwa mweusi. Mkono ulinishika, kweli. Lakini ulichosema siku ile ni, "Sele, uji huu hauna sukari." Nimehangaika kukitafutia maana, sijaiona. Sasa ningewaambia nini watu, na wewe uko pale unasubiri? Nikakutungia.

Sukari nimemwambia Magreti. Siku nyingine ataweka nyingi.

Mtani wako,
Selemani