Mjomba, Karatasi Zako Zimetimia

Leo ni mwaka kamili, Mjomba, tangu asubuhi ile ulipoweka kalamu mezani, ukasema unajinyoosha kidogo, na hukuamka tena. Familia imeniachia mimi, mpwa wako, nikuandikie. Kaka, mwanao, alitaka kuandika yeye, lakini Mama, mkeo, alisema angekuandikia ripoti ya stoo.

Majirani wanakusalimu. Siku hizi hakuna anayepiga kelele dirishani, "Mzee Makopo, masufuria yanalia, leo unapika nini?" wala sauti yako ya kujibu kutoka ndani, "Njooni mle, bado cha moto!" Uligonga mabati, ukakwaruza nyuzi za fidla kwa ufunguo wa mlango, ukanyamazisha muziki katikati mpaka watu wakadhani umekwisha, wakapiga makofi. Aliyecheka hukumkasirikia. Yule bwana aliyekuandikia kwamba alisikia muziki wako redioni, akadhani redio imeharibika, akaipeleka kwa fundi, ulimjibu siku ile ile: "Pole sana, ndugu. Fundi alisemaje?" Mkaandikiana miaka sita.

Barua zote ulizijibu. Ukishajibu, unaigeuza ile uliyoletewa, unachovya wino kile kifaa chako cha nibu tano ulichojitengenezea, unakiburuta, mistari mitano inatoka kwa mkupuo mmoja, na muziki unaanza nyuma ya salamu za mtu. Karatasi mpya hukuzitaka. Ulisema zinakutazama vibaya.

Nilipokuja kwako nimemaliza darasa la saba, kila mtu alikuwa ananiuliza sasa nitafanya nini. Wewe hukuuliza. Ulinipa ufagio na chumba chako cha kazi. "Fagia kila mahali, mpwa wangu, ila usisogeze karatasi hata moja." Zilikuwa sakafuni safu kwa safu, toka mlangoni mpaka dirishani, na katikati kijia cha kupita mguu mmoja. Hazikuwa na namba. Ulisema, "Nikiziandika namba nitaona aibu kubadili mawazo." Miaka minane nilifagia humo, pekupeku.

Siku ya mazishi yako tulikosea, Mjomba, na tunakiri mbele ya wanaosoma. Wageni walikuwa wengi na pa kukaa hapakutosha. Mimi nilikuwa jikoni. Nilipotoka, chumba kilikuwa kimejaa viti na sakafu inang'aa. Kaka, mwanao, mtunza stoo wa hospitali, si unamjua, alikuwa ameokota kila kitu kwa roho safi. Karatasi za sakafuni na barua za kabatini alizichanganya, akazipanga zote kwa tarehe ya barua, akazitia kwenye mafaili. "Hakuna kilichopotea," akaniambia. Nikaenda kukaa nyuma ya nyumba.

Baada ya miezi miwili akaja bibi mkutubi wa chuo cha muziki, maana uliacha umesema karatasi zako ziende huko. Barua zilimfurahisha. Halafu akauliza, "Na ile kazi yake ya mwisho, aliyoifanya miaka minne, inaanzia wapi?" Kaka akamfungulia faili la kwanza. Yule bibi akasoma karatasi mbili tatu, akazirudisha taratibu.

"Hivi zilivyo, hakuna mtu atakayeweza kuzipiga," akasema. "Nisipopata mpangilio wake, itabidi niandike juu ya sanduku kwamba kazi haikukamilika."

"Aliikamilisha," Mama akasema. "Aliniita niione."

Nikasema mimi naweza kuzipanga. Kaka akacheka, lakini si kwa ubaya. "Dada, mimi niliyesoma sijui hata hizo nota zinatazama wapi. Wewe utazisomaje?"

"Sizisomi," nikamwambia. "Nilikuwa nazikwepa."

Mama akasema, "Mpeni chumba."

Ilinichukua siku nne. Nilitoa viti vyote, nikavua viatu, nikaanza kuziweka kuanzia mlangoni. Nilizijua kwa sura. Yenye baka la chai ilikaa karibu na mguu wa meza. Yenye pembe iliyoungua ilikuwa ya tatu safu ya pili, mguu ukiteleza unaikanyaga. Ile ambayo nota zimesongamana kama siafu ilikuwa usawa wa kiti chako. Nilipokwama nilichukua ufagio, nikapita kama ninafagia, na mkono ukakumbuka wenyewe mahali pa kukata kona.

Bibi mkutubi akarudi, akakunja sketi, akachuchumaa. Alituonyesha kitu ambacho sisi hatukukijua: sauti ikiwa bado inavuma karatasi inapoisha, ulichora kamstari kanakoning'inia ukingoni, na karatasi inayofuata ikaanza na kamstari hako hako. Akakagua safu moja, akakagua ya pili. Vimistari vilishikana. Akauliza nani alinifundisha. Kaka akanitangulia kujibu: "Ufagio." Siku hiyo ndiyo aliyoniomba radhi.

Lakini safu ya sita niliacha nafasi. "Hapa ipo moja," nikasema, "ina alama ya kukunjwa mara nne." Kaka akaapa hajatupa kitu. Tukapekua kabati, tukapekua mafaili, tukasogeza kitanda. Mama hakupekua. Nilimwona amesimama mlangoni na mkoba wake kwapani, nami nikaendelea kupekua.

Kesho yake asubuhi, sote tukiwa chumbani na bibi mkutubi, Mama akaingia. "Niliiokota mimi siku ya mazishi," akasema, "kabla huyu mwanangu hajaingia. Ilikuwa imegeuka, nikaona mwandiko wangu." Akamwambia Kaka akae chini kwanza. Akasoma kwa sauti barua aliyokuandikia zamani: "Umeoa karatasi. Nimechoka kurukaruka ndani ya nyumba yangu kama kuku. Nipo kwa dada yangu, na mtoto ninaye. Chagua."

"Mama!" Kaka akasema. "Uliwahi kumwacha Baba?"

"Miezi miwili. Wewe ulikuwa mgongoni. Akaja na basi, akakaa siku tatu uani kwa dada, hakuandika hata nota moja, anamenya viazi tu. Na kumenya kwenyewe, nusu ya kiazi inakwenda na ganda. Nikamwonea huruma, nikarudi."

Bibi mkutubi akamwambia kwa upole kwamba anaweza kuchukua nakala ya upande wa muziki tu. Barua ibaki mkobani, na kazi itakuwa nzima vile vile. Hakuna atakayejua. Kaka naye akasema, "Mama, hiyo ni siri yenu. Si lazima."

Mama aliigeuza upande wa nota, akaigeuza tena upande wake.

"Sitaki waseme aliishi na mwanamke asiyekuwa na la kusema," akasema. "Niliondoka na nilirudi. Vyote viwili viwekwe." Akapiga magoti, akaiweka mwenyewe.

Kimstari kilishikana, Mjomba.

Mwezi uliopita waliipiga yote kwenye ukumbi wa chuo, dakika arobaini na moja, na watu hawakupiga makofi kabla ya wakati isipokuwa mara mbili. Ungecheka. Ilipofika karatasi ya safu ya sita mabati yalinyamaza, ikabaki fidla moja, chini kabisa, inakwenda polepole kama mtu anayetafuta nyumba asiyoijua. Mama akamwinamia bwana mmoja wa pembeni yake, hata hamjui, akasema bila kushusha sauti, "Hii ni barua yangu." Mtu wa nyuma akamwambia, "Shhh!" Mama akageuka. "Unaninyamazisha nini? Nimeiandika mimi."

Tunakukumbuka: mkeo, mwanao mtunza stoo na mkewe, wajukuu zako watatu, ambao sasa wanagonga makopo na hakuna anayewakataza, dada yako, mama yangu, majirani wa dirishani, na mimi mpwa wako.

Siku zote tutakuwa nawe, Mjomba. Kukusahau hatujui tungeanzia wapi.