Ngozi ya Kondoo wa Cucu

Jumatatu, 12 Mei 2025

Mwalimu Ednah ametuonyesha picha za ngozi ya maiti zilizokaushwa Misri ya kale. Imekatwa nyembamba, ikatiwa rangi, ikawekwa chini ya hadubini. Miaka elfu tatu, na vishimo vya nywele bado vipo! Walizikausha kwa chumvi, jamaa ya magadi yetu. Kisha wataalamu wakailainisha ngozi kwa soda—pia jamaa ya magadi. Kitu kimoja kinakaushaje na pia kulainisha? Sikuelewa. Niliogopa kuuliza.

Nyumbani nimemkuta Babu Munyi. Tangu Babu yangu, kaka yake, azikwe, anasema Cucu, nyanya yangu, hakuolewa kikamilifu, kondoo wa ndoa hakuchinjwa, kwa hiyo shamba si lake. Cucu akatoa ngozi kuukuu kutoka kwa sanduku. "Kondoo ndiye huyu," akasema.

Munyi akacheka. "Huyo ni mbuzi, shemeji. Tena mbuzi wa soko la Kiritiri!"

Wazee wa ukoo watakuja Jumamosi kuamua.

Jumatano, 14 Mei

Nimeuliza! Kwa sauti ya mbu, lakini nimeuliza. Mwalimu anasema hadubini inaweza kutofautisha mbuzi na kondoo: vishimo vya nywele hupangwa tofauti.

Cucu alinikatia vipande viwili mwenyewe. Nikaviloweka kwa maji ya magadi, yale ya kulainishia mahindi na maharagwe. "Kumbe unanipikia githeri?" Cucu akacheka mpaka akakohoa.

Ijumaa, 16 Mei

Kwenye hadubini ya shule: vishimo vikubwa kwa mstari, vidogo nyuma yake. Sawa kabisa na mbuzi wa kitabuni. Kipande cha pili—sijui. Mwalimu anasema kondoo wa kitabu ni wa Ulaya, wa sufu. Wetu wana nywele tu. Na magadi yangu yalikuwa makali, ngozi imevimba.

"Inakaa mbuzi. Lakini siwezi kuapa," akasema mwalimu.

Na mimi, nitasema nini? Cucu si mwongo. Au alidanganywa yeye, na Babu yangu, siku ile ile ya ndoa? Hilo ni baya zaidi. Natamani ningebaki na picha za Misri. Wale hakuna anayewangoja nyumbani.

Jumamosi, 17 Mei

Wazee wako nje. Mimi niko jikoni, eti nakoroga uji.

Namsikia Cucu. Mashahidi wake wote wamekufa, anasema, lakini amebaki mmoja: mjukuu wake ameiona ngozi kwa mashine ya shule.

"Haya, aitwe huyo msomi," Munyi anasema.

Cucu hajaniuliza nimeona nini. Tangu jana, hata mara moja!

"Kawira."

Ananiita polepole, kama anavyoniita nije nile. Uji unaungua—