Tandiko la Farasi wa Baba

Zainabu mjukuu wangu,

Salamu nyingi kutoka Tororo. Sisi wazima, mama yako amevuna karanga, na mdogo wako ameanza kuota meno. Umeuliza kwa nini nakataa kuuza lile tandiko kuukuu la farasi.

Mzungu mmoja alipohama, baba alinunua farasi wake pamoja na tandiko, hatamu na vikuku vya kukanyagia. Ngozi ilikuwa imekauka. Mimi na mama tuliipaka mafuta ya ng'ombe mpaka ikalainika na kunukia vizuri, kisha tukashona mkanda mpya wa kulifunga tandiko tumboni mwa farasi.

Owori, kijana mwenye baiskeli, alicheka. "Mkanda wa wanawake huo! Utakatika, nawe uanguke."

"Basi tushindane, wewe na baiskeli yako, mimi na farasi," nikamwambia. "Kutoka Mukuju mpaka sokoni Tororo."

Kwenye mteremko alinipita akiimba. Mlimani nikampita akisukuma baiskeli. Mkanda haukulegea hata kidogo. Niliingia sokoni peke yangu, watu wakinipisha, mama akipiga vigelegele.

Owori alifika akihema, akaugusa ule mshono. "Nani ameshona?"

"Sisi," nikasema kwa sauti, soko zima lisikie.

Raha ile, mjukuu wangu, bado ninayo.

Nyanya yako akupendaye,
Hadija