Jogoo Wako Hakuwa na Kosa

Bondeni,
Mombasa.
19 Agosti 2025

Mpendwa Mjomba Kingi,

Assalaam aleikum. Waonaje hali huko Maskati? Lile goti limepoa, au bado lakusumbua ukisujudu? Sisi hapa tu wazima, alhamdulillahi. Joto limepungua, na mvua ya juzi imetuachia tope mpaka mlangoni.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu nimekudanganya mara nyingi, na mdomo wangu umeshazoea.

Ni habari ya Balozi, jogoo wako. Ulipoondoka uliniachia sharti moja tu. Akae peke yake kwenye banda la uani, maana huwanyonyoa majike migongo. Lakini kila Jumatatu na Ijumaa nimbebe, nimpandishe juu ya paa kwa majike wanne, akae nao hadi alasiri.

Nilianza vizuri, Mjomba. Ilipofika Ramadhani nikaziona zile ngazi za kwenda paani nzito, nikawa nampandisha Ijumaa peke yake. Baada ya Idi nikaacha kabisa. Akiwika huko chini namtupia mtama, najiambia kesho. Wewe ukiuliza, nasema nampandisha.

Majike wakaatamia mara mbili, mayai yote yakawa viza. Nikakwambia Balozi amezeeka, hana nguvu tena. Ukasema, "Basi mchinjeni, msimwache akateseka." Nami nikaenda kunoa kisu.

Tulimla kwa wali wa nazi. Ulipouliza nyama ilikuwaje, nikajibu tamu. Kusema kweli sikumaliza hata paja.

Sasa sikia. Siku moja kabla ya kumchinja, mke wangu Mejumaa alimwonea huruma, akambeba mwenyewe hadi juu, akaagane na wenzake. Alikaa nao kutwa nzima. Nilimcheka Mejumaa siku ile.

Wiki iliyofuata jike mmoja akalalia mayai tisa yaliyotagwa baada ya siku ile. Nilimwacha tu, nikijua ni bure. Jumamosi iliyopita wametoka vifaranga sita. Mejumaa aliwatazama, akanitazama mimi, akaenda kuwapondea mtama. Afadhali angenitukana.

Balozi hakuwa mzee, Mjomba. Mvivu nilikuwa mimi, na nikamsingizia yeye. Naona haya, na usingizi hauji. Nakuomba radhi, lakini usiharakishe kunipa.

Mejumaa akusalimu sana. Jirani yako Mzee Kavumbi naye hukuulizia kila tukitoka msikitini. Wasalimie wanao wote. Mola akuafu goti hilo, akurudishe kwetu salama.

Kifaranga mmoja, ingawa ni wa siku tatu tu, nadhani atakuwa jogoo. Ukitaka nimlee, nitamlea na ngazi nitazipanda. Ukitaka apewe mtu mwingine, nitampeleka mwenyewe. Safari hii uamue ukiwa umeambiwa ukweli.

Mpwa wako akupendaye,
Hussam