Maji Yanayopotea Bila Tone

Jumatatu, 5 Mei

Nimeongeza maji tena kabla ya kuwasha. Karibu lita nzima. Kifuniko cha rejeta kilifunguka kama cha sufuria. Jana nililaza katoni chini ya injini. Asubuhi imekauka. Hakuna tone. Ijumaa nilijaza mpaka shingoni. Yameenda wapi?

Sista Adhiambo, msimamizi wa zahanati yetu hapa Usenge, aliuliza akiwa mlangoni kama gari ni zima. Nikasema zima. Nilisema haraka mno.

Miaka kumi na minne naliendesha gari hili la wagonjwa. Lilitoka nchi ya baridi likiwa limeshatumika, dizeli, kitanda cha mgonjwa upande mmoja na benchi upande wa pili. Hatuna lingine. Mama akishindwa kujifungulia hapa, ni mimi na hili gari mpaka Kisumu.

Chai na mkate chumbani. Zainabu hakupiga simu. Alikwenda Mombasa kwa binti yetu Rukia, amsaidie kulea kwa miezi mitatu. Huu mwaka wa pili.

Jumatano, 7 Mei

Bondo, kwa fundi Ouma. Aliona moshi mweupe nilipowasha akafuta mikono. "Mzee, hii imekula gasketi ya hedi. Tufungue tu."

Nilikataa. Oili ni safi, haina rangi ya maziwa. Nilifungua kifuniko injini ikiwa baridi, nikawasha, nikakanyaga mafuta. Hakuna mapovu kwenye rejeta. Moshi wenyewe unaisha baada ya dakika moja. Gasketi, ule mfuniko mwembamba wa kuziba kichwa cha injini, ikiungua, gesi ya silinda huingia kwenye maji. Hapa haiingii. Ouma alisema dizeli za zamani zina siri zake.

Nilipofika Usenge, alikuwa ameshampigia Sista. Nilimwambia Sista kuwa Ouma amekosea, hakuna gasketi iliyoungua. Injini ikifunguliwa, kamati ya zahanati italiegesha gari. Likiegeshwa halitoki tena. Na mimi vilevile. Nina miaka sitini na miwili.

Naandika ukweli kwa sababu hakuna wa kuusoma: niliogopa kwa ajili yangu kwanza. Akina mama niliwafikiria baadaye.

Alhamisi, 8 Mei

Kifuniko! Mpira wake umekuwa mgumu kama ganda. Kifuniko ndicho kinachoshikilia presha. Presha ikikosekana maji huchemka mapema na kutoka na mvuke. Nimefunga kipya. Nimezunguka mpaka ufuoni na kurudi, mshale wa joto umetulia katikati.

Furaha kubwa. Nikampigia Zainabu nimweleze. Watoto wanapiga kelele, mtu anacheka karibu naye. "Nitakupigia, Baba Rukia." Nikakaa na simu mapajani. Hakupiga.

Ijumaa, 9 Mei

Maji yamepungua tena. Si mengi. Nimeongeza. Sikumwambia mtu.

Jumamosi, 10 Mei

Lazima niandike.

Achieng', mimba ya kwanza. Sista alimpima akasema mtoto amelala kikingamo, hazaliki bila upasuaji. Twende Kisumu sasa hivi. Nyuma waliingia Achieng', Sista, na Mama Risper, mama mkwe wa Achieng'. Sista aliniuliza tena. Gari ni zima? Nikasema twende.

Tulipopita Ndori mshale ukaanza kupanda. Nikafungua hita yote, mbele na nyuma, ili injini ipumue joto lake kwetu. Ni hila ya zamani. Miguu yangu ikawa kama iko jikoni. Mshale ukashuka kidogo. Halafu nikasikia Mama Risper akipiga kelele nyuma:

"Maji! Yananichoma miguu! Sista, chupa imepasuka!"

"Chupa ilipasuka asubuhi," Sista akasema. "Tulia, Mama."

Achieng' alikuwa analia kwa sauti ndogo. Sikugeuka. Mshale ukapanda wote.

Tulikuwa hatujafika Kombewa. Nikaegesha, nikazima, nikafungua boneti. Kifuniko hakiguswi kikiwa moto, mvuke utakuunguza uso. Kilichobaki ni kungoja. Nilisimama katikati ya barabara nikipunga mikono yote miwili. Magari mawili yalinikwepa. Sista alishuka akanitazama. Afadhali angenitukana.

Gari la samaki lilisimama. Dereva aliteremsha kreti za barafu majanini bila kuulizwa mara ya pili. Tulimbeba Achieng' na godoro lake. Mama Risper alipanda akiwa ameshika viatu mkononi. Wakaenda.

Nikabaki na injini inayotokota na kreti za samaki za mtu nisiyemjua. Barafu ikiyeyuka. Nilikaa kando ya kreti. Nilimwomba Mungu asinihukumu kwa siku moja. Kisha nikaona aibu kwa ombi lenyewe.

Saa tisa Sista alipiga. Mtoto yuko hai, msichana. Mama amepoteza damu nyingi, bado hawajui. Akakata. Baadaye dereva alirudi kuchukua kreti zake. Nilimsaidia kupakia. Samaki wengi walikuwa wameharibika. Alisema, "Ni maisha, mzee."

Nilijaza maji ya kisima cha watu wa pale, nikarudi Usenge polepole, nikisimama kila mara.

Jumapili, 11 Mei

Achieng' bado haongei. Sista amelala Kisumu. Zahanati kimya.

Kila nikirudi na mgonjwa huosha sakafu ya nyuma, hata nikichoka vipi. Jana sikuosha. Leo mchana nilifungua mlango nikiwa na ndoo mkononi. Zulia la mpira bado lilikuwa na maji. Nikaliinua. Chini yake kidimbwi, kina ukijani kidogo. Nikatia kidole. Kinateleza. Nikanusa. Harufu tamu ya kulanti, dawa ya kupoza injini, ile niliyotia mwanzo wa mwaka kabla sijaanza kuongeza maji matupu.

Niliketi kwenye benchi. Chupa ilipasuka asubuhi, Sista alisema. Basi maji yaliyomchoma Mama Risper yalikuwa ya nani?

Ya gari.

Jumatatu, 12 Mei

Nilimwomba Ouma pampu ya kupimia presha. Alikuja nayo mwenyewe, nadhani athibitishe ni gasketi ya hedi. Injini baridi. Tulifunga pampu mahali pa kifuniko, tukasukuma mpaka kiwango kilichoandikwa kwenye kifuniko, si zaidi. Mshale wa pampu ukasimama. Kisha ukaanza kushuka, taratibu.

"Si nilikwambia," Ouma akasema. Chini ya injini palikuwa pakavu.

Nikamshika mkono nikampeleka nyuma. Tukafungua nati za benchi. Chini yake kuna hita ndogo. Kule lilikotoka gari watu walihitaji kupashwa miguu. Huku kwetu nani anawasha hita? Sikuwahi kufikiri kuwa maji ya injini yangeweza kuvujia hapa. Mabomba mawili hupita chini ya gari toka kwenye injini mpaka pale. Nilimwambia Ouma asukume tena. Mpira wa bomba moja ulikuwa na ufa karibu na klipu, na kutoka kwenye ufa uzi wa maji, mwembamba kama nywele, ukipiga chini ya zulia.

Gari likipoa presha huisha, ufa hujifunga. Ndiyo sababu katoni ilikuwa inaamka kavu. Barabarani ndipo unapotema. Kifuniko kipya kilishika presha vizuri zaidi, ufa ukatema zaidi. Na Jumamosi nilipofungua hita ya nyuma nilisukuma maji yote kule. Nilidhani naokoa, kumbe namwaga.

Ouma aligusa ufa kwa kidole. Halafu: "Mzee, hata mimi singeangalia hapo."

Tuliondoa njia ya nyuma kabisa, tukaunganisha mabomba kwenye injini kwa mpira mpya na klipu mbili. Tukajaza, tukaacha injini izunguke kifuniko kikiwa wazi mpaka hewa ikaisha. Ilipopoa, pampu tena. Tulikunywa chai. Mshale haukusogea hata unywele.

Ningefurahi. Nilikuwa na hasira tu. Miezi mingapi nimeufuta huo uvujaji kwa mikono yangu, nikidhani ni maji ya kuoshea?

Jumanne, 13 Mei

Sista amerudi. Achieng' ameamka, ametiwa damu, amemnyonyesha mtoto. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia.

Kisha nikaingia ofisini. Nikamweleza Sista yote, si bomba tu. Kwamba nilijua maji yanapungua. Kwamba aliniuliza mara mbili.

"Mzee Swaleh," akasema, "ungeniambia tu. Ningeita gari la Bondo."

Hakupandisha sauti. Aliniambia kuanzia leo hata kijiko kimoja kikipungua, aambiwe. Nikasema ndiyo, Sista. Sikufukuzwa. Imeniuma kama nimefukuzwa.

Jioni Zainabu alipiga. Sikuzungusha maneno. Nikamuuliza kama atarudi.

"Baba Rukia, siwezi kukudanganya. Huku nina watu."

Nikasema sawa. Nikauliza kama wajukuu hawajambo. Hawajambo.

Alhamisi, 15 Mei

Maji hayajapungua. Nimemwambia Sista. Alicheka kidogo.

Hakuna zaidi.

Jumamosi, 17 Mei

Nimewatoa Achieng' na mtoto Kisumu. Mama Risper aliketi benchi lilelile, miguu juu mwanzoni, halafu akaishusha. Mlimani karibu na Holo niliutazama mshale mara mbili tu. Ulikaa katikati njia nzima. Mvua ilikuwa imepita, barabara inang'aa.

Nyumbani kwao ni nyuma ya ufuo, omena, dagaa wa ziwani, zimeanikwa mpaka mlangoni. Nilitaka kugeuza gari. Mama Risper akasema hakuna anayeleta mtoto na kuondoka hivyo. Nikaingia. Nikaanza kuomba radhi kwa siku ile. Aliinua mkono, nikanyamaza. Achieng' alikuwa amelala upande, mtoto kifuani. Nilimtazama mtoto kidogo. Ana nywele nyingi.

Wakaleta samaki wa ngege na ugali, sahani moja kubwa kwetu sote.

"Nyumbani nani anakupikia?" Mama Risper aliuliza.

"Najipikia."

Alimega upande wa samaki wenye nyama akausogeza mbele yangu.

Nilikula polepole, nisimalize mapema.