Kadi ya Salamu ya Nelson

Jumapili, Julai 1986, saa kumi na moja jioni.

Joto la leo halina adabu. Feni ya studio inazungusha hewa ile ile nzito tuliyoipumua tangu asubuhi, na shati limenigandia mgongoni. Lakini mikono yangu ni ya baridi.

Naogopa.

Wiki tatu sijakuandikia, daftari langu, kwa hiyo nianze mbali kidogo. Niliacha kazi ya kufua mashuka kule hotelini Oxon Hill, kazi iliyonifundisha Kihispania bila ada, kwa kuwa wanawake wote niliokunja nao mashuka walitoka Nikaragua na El Salvador. Mmoja wao alisikia kwamba nyumbani nilikuwa fundi mitambo wa redio, akanipeleka kwa mtangazaji mmoja mzee, Don Ramiro. Sasa niko hapa Springfield, nje kidogo ya Washington, ghorofa ya pili juu ya duka la mazulia, kwenye kituo kidogo kinachotangaza besiboli kwa Kihispania.

Washington haina timu yake, iliondoka miaka mingi iliyopita, kwa hiyo tunatangaza mechi za timu ya Baltimore. Uwanjani hatuendi. Don Ramiro anavaa vidude vya masikioni, anasikiliza mtangazaji wa Kiingereza, na papo hapo anausimulia mchezo kwa Kihispania kana kwamba yuko pale na vumbi linamwingia machoni. Mimi nina kaseti tatu: ya watu wanaonong'ona, ya watu wanaoshangilia, na ya watu wanaozomea. Mpira ukipigwa nagonga kipande cha mti kwa rula. Mara ya kwanza nilicheka mpaka nikatoka nje. Sasa sicheki tena, maana nimeona namna mzee yule anavyofumba macho akitangaza, na najua kwamba haoni Baltimore, anaona uwanja wa kwao.

Kazi yangu nyingine ni salamu.

Wasikilizaji wanapiga simu kati ya vipindi vya mchezo, mimi naandika kadi, Don Ramiro anasoma. Hapo ndipo nilipojiona nimefika kwetu. Nani asiyejua salamu za redio? Nilikulia Tanga nikisikiliza watu wakijitaja kwa ukamilifu wao: jina, jina la baba, mtaa, kiwanda anachofanyia kazi, zamu yake, kisha ndugu na jamaa wote mpaka mtangazaji anaishiwa pumzi. Kutajwa mahali pako pa kazi redioni ilikuwa heshima. Mtu alitembea mabega juu wiki nzima.

Kwa hiyo nilipoona kadi za yule aliyenitangulia, moyoni nilimdharau. Jina moja, mji wa nyumbani, basi. "Francisco wa Masaya anamsalimu mkewe." Francisco gani? Anaishi wapi? Anafanya nini? Nikaamua kuziandika kadi kama zinavyostahili kuandikwa. Nikawa nawauliza wapigaji kila kitu, na mimi nikiuliza huwa nauliza kwa utamu, mtu anajikuta ameshasema. Don Ramiro alikuwa akisoma jina na mji, mengine anayaruka. Nilidhani ni uvivu wa macho ya uzee. Sikumwuliza. Kujiona najua ndio ugonjwa wangu.

Ijumaa mechi ilikwenda sare mpaka ikapitiliza vile vipindi tisa vya kawaida. Mzee alikuwa amechoka, sauti imeanza kukwaruza. Timu ikawa inabadilisha mrushaji wa mpira, na wakati huo mtangazaji hana la kusimulia, lazima ajaze. Akanyoosha mkono, nikamtilia kadi mkononi, akaisoma kama ilivyo mpaka mwisho.

Ilikuwa kadi ya Nelson. Jina lake lote, majina mawili na ya ukoo mawili. Mwosha vyombo. Jina la mgahawa kule Fairfax, karibu na chuo. Yeye na wenzake wanne wa jikoni wanamsalimu mama yake Nelson huko Managua, Nikaragua, ambaye bila shaka hatusikii.

Nilitabasamu. Nakiri hapa, nilitabasamu, nikaona hatimaye kadi yangu imepata haki yake.

Jana Jumamosi saa nne asubuhi nilikuwa hapa peke yangu nasafisha mitambo. Simu ikalia. Mwanamume, Kihispania kizuri, sauti ya upole. Alisema ni binamu yake Nelson, amemtafuta mwaka mzima, Ijumaa amesikia jina lake redioni lakini jina la mgahawa hakulishika vizuri. Nikamtajia. Nikamwelekeza na barabara. Akauliza Nelson huingia kazini saa ngapi. Nikamwambia saa tano, na kwamba wafanyakazi wanapitia mlango wa nyuma, kwa sababu Nelson mwenyewe alinisimulia hayo nilipokuwa namchimba. Binamu akanishukuru sana. Jina lake sikumwuliza. Mimi ninayeuliza watu mpaka majina ya babu zao, huyu sikumwuliza.

Don Ramiro alipoingia kwa mechi ya mchana nilimpa habari hiyo kama zawadi. Nimewakutanisha ndugu, nikasema.

Akavua vidude vya masikioni polepole.

"Umemwambia nani, binti yangu?"

Binamu yake, nikasema. Akanitazama, kisha taa nyekundu ikawaka na ikambidi aanze. Alitangaza mechi nzima bila kunigeukia. Nilikosea kaseti mara mbili. Mara ya pili niliweka watu wa kushangilia wakati mchezaji wetu ametolewa, naye akairekebisha kwa maneno, akasema mashabiki wa timu ngeni ni wengi leo.

Baada ya hapo alinikalisha chini. Hakufoka, na afadhali angefoka. Alisema watu wetu wamekimbia vita na wengi hawana karatasi. Maafisa wa uhamiaji hupitia milango ya nyuma ya migahawa. Na kuna wengine wanaotafuta watu, si maafisa, ni watu waliokuja na ugomvi wa kule. Msikilizaji anatoa jina moja na mji wa nyumbani ili watu wa kwao wakisikia wampelekee mama habari kwamba mwanawe yuko hai, na asijue mtu mwingine yeyote yuko wapi.

"Hata hilo Ramiro si jina langu," akasema.

Mimi nina kadi yangu ya ukaazi, imo kwenye mkoba, naishika kila siku nikitafuta funguo. Miaka minne nimekunja mashuka na wanawake wale, nimecheka nao, nimekula chakula chao, na sikuwahi kujiuliza kwa nini gari lolote jeupe likisimama nje ya hoteli walikuwa wananyamaza. Niliona wananyamaza. Sikuuliza. Naona aibu kuliandika.

Tulipiga simu mgahawani jana. Ililia tu.

Leo asubuhi nilimwomba mume wangu Salum anipeleke Fairfax kabla ya mechi. Salum anaendesha teksi, na Jumapili ndiyo siku yake ya kulala, lakini aliniona uso akachukua funguo. Njiani nilimweleza. Tulipovuka daraja akasema, "Bibie, wewe na huo mdomo wako wa Tanga." Kwa kawaida ningemjibu. Nilitazama nje.

Mgahawa ulikuwa wazi lakini hauna uhai. Mwenyewe, mzee wa Kigiriki, alikuwa jikoni anaosha sahani kwa mikono yake, amelowa mpaka tumboni. Aliponiona alidhani nimekuja kuomba kazi, akaniuliza kama naweza kuanza sasa hivi. Nyuma, kwenye mapipa, nilimkuta kijana amevaa aproni, anavuta sigara. Nilimsikia akijiimbia kwa Kiswahili. Nikamsalimia, akashtuka, kisha akafurahi. Anaitwa Kimani, Mkenya, mwanafunzi wa chuo hapo, wikendi anasaidia jikoni.

Nikamwuliza Nelson yuko wapi.

"Ah, sister, hao wote walienda. Ijumaa tulikuwa na redio hapa jikoni, na wao hupenda hiyo baseball sana. Waliposkia jina ya restaurant imesomwa, wali-freeze. Hakuna mtu aliongea. Wakavua aproni moja moja, wakaziweka hapo kwa meza, wakatoka. Hata pesa ya wiki hawakungoja."

Watu watano. Kazi tano, kwa kadi moja.

Nikamwuliza kama kuna mtu alikuja kumtafuta Nelson. Akasema jana saa tano gari la bluu liliegeshwa pale nyuma, na mwanamume mmoja akakaa ndani kama saa mbili. Hakuagiza chakula. Hakuuliza kitu. Kisha akaondoka.

Saa tano niliitaja mimi, na mlango wa nyuma niliutaja mimi. Nelson angekuja kazini jana kama kawaida yake, angekutana na gari lile. Hakuja kwa sababu alikuwa ameshakimbia, na alikimbia kwa sababu ya kosa langu la kwanza. Kwa hiyo kosa langu la kwanza limemwokoa na la pili. Salum aliposikia hivyo akasema basi nishukuru. Sijaweza kushukuru.

Kisha Kimani akaniambia Nelson alipo. Sikuwa hata nimemwuliza tena. Alisema alimpeleka yeye mwenyewe kwa gari lake usiku ule, kwenye kanisa moja, wamempa godoro chini kwenye ghala. Kanisa lenyewe liko karibu na studio yetu, mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Jina lake siliandiki, hata humu.

Nilimwuliza Kimani kwa nini ananiambia mimi, hanijui. Akacheka.

"Si umenisalimia na Kiswahili? Wewe ni mtu yetu."

Nilimshika mkono nikamwomba asimwambie mtu mwingine yeyote, awe wa kwao au asiwe wa kwao. Nilimbana kupita kiasi, nikamwona anaanza kuniogopa.

Mechi ya leo ilianza saa nane. Don Ramiro aliniambia nikae kwenye simu kama kawaida, jina moja na mji, basi. Nilipanga kadi tupu mbele yangu. Kipindi cha kwanza simu haikulia. Cha pili haikulia. Kwa kawaida Jumapili napokea mpaka sikio linauma. Vipindi tisa, hakuna aliyemsalimu mtu. Mzee alijaza mapengo kwa kusifu hali ya hewa ya Baltimore ambayo hajaiona. Nilikuwa naweka kaseti ya mashabiki, wanashangilia kwa maelfu, na simu iko kimya kando yangu.

Nilielewa. Wote wamesikia. Kila jiko na kila chumba cha kufulia kuanzia hapa mpaka Oxon Hill, wote sasa wanajua kwamba kwenye redio hii kuna mwanamke anayetaja watu.

Mzee aliondoka mechi ilipokwisha. Alinigusa bega.

Dakika ishirini zilizopita, simu ikalia.

Mwanamke. Alijitambulisha kuwa dada yake Nelson, kapiga kutoka kibanda cha simu, nilisikia magari. Alisema tangu Ijumaa nduguye hajarudi chumbani, na kwamba simu imekuja kutoka Managua, mama yao ameshikwa na ugonjwa, hasemi ila jina la Nelson. Aliniuliza kama najua alipo. Alikuwa analia, au alikuwa anaigiza kulia. Sauti nzuri ya upole hata yule wa jana alikuwa nayo.

Nilikuwa najua. Kanisa, ghala, mlango upi. Yote yalikuwa mdomoni.

"Simjui mtu wa jina hilo," nikasema.

Nilidhani amekata. Kisha akasema, taratibu kabisa, bila hasira:

"Ningekuwa wewe, nami ningesema hivyo hivyo."

Akakata.

Mtu anayewinda watu angebembeleza zaidi, angetoa ushahidi, angetaja jina la mama. Huyu alinielewa. Au mtu anayewinda watu anajua pia kuelewa. Nimegeuza maneno yake kila upande na kila upande yananikodolea macho. Kama ni dada, nimemfungia mlango mtoto asimsikie mama yake anayemwita. Kama si dada, nimefanya jambo la kwanza la akili tangu nipewe simu hii. Hakuna wa kuniambia ni lipi.

Ningeweza kwenda mwenyewe. Dakika kumi. Namwambia Nelson ujumbe, narudi. Nimesimama mara mbili kwenda. Mara ya kwanza nilifika mlangoni, nikachungulia dirishani, na kule kwenye maegesho ya duka la mazulia kuna magari sita, mawili ni ya bluu. Mara ya pili sikufika hata mlangoni.

Salum atakuja saa kumi na mbili. Nitamwomba tuzunguke, tusipite barabara ya kanisa, ili kama kuna anayenitazama asione hata shingo yangu ikigeuka upande ule. Huko Managua mama wa mtu anaumwa, au haumwi. Kati ya walioisikia habari yake, mimi peke yangu najua pa kuipeleka, na mimi ninakwenda nyumbani.