Plasta ya Kwenye Swichi

Baba Tunu,

Mwanao sasa hivi kabandua ile plasta uliyoiweka juu ya swichi ya seva, kajibandika gotini. Kaja kunionyesha, "Mama, nimeumia." Goti zima, halina hata mkwaruzo. Nimempuliza, nikampa pole, huku macho yangu yako kwenye swichi. Iko wazi. Tangu ulipoiziba ukasema hapa mtu asiguse, sijaionaga tena.

Na leo ndiyo siku ya kuibonyeza. Nimeshika kalamu ili mikono isikae bure.

Nikueleze, maana hukuwepo. Eda ilipokwisha nilirudi hapa dukani Manzese. Muda wote niliokuwa ndani, rafiki yako Godi alikuwa akitoka kazini anapita, anawachapia watu barua zao kwenye kompyuta na kuwapokelea majibu. Seva haikuzimika hata mara moja. Umeme wa mgao ukikatika, zile betri zako za lori zinaibeba. Bi Zuhura, yule mwenye mtoto Maskati, bado anakaa benchi la mbele. Nikimsomea barua anafunga macho.

Juzi Godi kaja uso umemshuka. "Shemeji, seva yenu ina tundu." Kanieleza taratibu, unajua mie shule yangu iliishia la saba. Kasema wapo watu, hata hawajulikani wako nchi gani, wanapita kwenye laini ya simu, wanakuta tundu kwenye kiini cha mashine, ile programu inayoiendesha yote, wakishaingia wanafanya watakalo. Duka moja la barua kule Temeke wamelikomba. Wenyewe wamefungua asubuhi, barua za watu hakuna. Kiraka cha kuziba hilo tundu kipo, amekuja nacho kwenye diski. Ila kiini lazima kisukwe upya, kama fundi anavyosuka mota, halafu seva izimwe na kuwashwa.

"Na marehemu aliisuka anavyojua mwenyewe," akasema. "Siwezi kukuapia kwamba itaamka."

Baba Tunu, mashine hii uliileta ya mtumba kutoka Dubai, ukaipa kazi moja tu, kutunza barua za watu. Isipoamka, sina duka. Wakiingia hao wezi, sina duka. Nimezunguka na neno hilo, nikisonga ugali lipo, nikimwogesha Tunu lipo.

Mama yako alikataa. Alikaa hapo na tasbihi yake akasema, "Kitu cha mwisho alichokiwasha mwanangu kwa mkono wake ni hicho. Kinawaka. Mnakizima cha nini?"

Godi akainama. Na mie neno langu lilikuwa hilo hilo. Nikifungua duka asubuhi, kabla ya kufagia, naanza kuisikiliza. Ule mvumo. Naona kama wewe umetoka kidogo tu, umekwenda kununua karanga, na...

Basi. Nimeshajifuta machozi.

Kilichonisaidia ni kufuli. Unakumbuka ulipoweka kufuli jipya la duka, ukaliacha lile la zamani linaning'inia pembeni na funguo zake? Nikakucheka, nikasema mlango gani huu unavaa hereni. Ukaniambia, "Jipya sijalizoea, mama. Likinigeuka, la zamani liko karibu." Nikamuuliza Godi, hicho kiini cha zamani kinatupwa? Kasema hapana, kinakaa humo humo pembeni, kipya kikigoma tutajaribu kukirudia.

"Lakini si uhakika, shemeji. Ni tumaini."

"Tumaini ninalo," nikamwambia. "Tuanzie hapo."

Nikapiga magoti mbele ya mama yako. Nikamwambia, mama, hakuiwasha ili tuitazame ikiwaka. Aliiwasha kwa ajili ya barua za watu, na tundu likibaki, barua zitaibwa, na mashine yenyewe itakuwa inavuma bure. Akaiweka tasbihi mapajani. Halafu akasema, "Basi uizime wewe. Si huyo Godi. Huyo hata kikombe changu alikivunja."

Godi kasema, "Mama, kile kilikuwa na ufa tangu zamani."

"Ufa ulikuja na wewe."

Nilicheka, mume wangu. Sikujua kama bado naweza.

Sasa tangu asubuhi seva inasuka kiini chake, maandishi yanapanda kwenye kioo kama siafu. Godi hajagusa chai. Mama yako anasoma dua kwa midomo tu. Nimenawa mikono mara mbili.

Nakuahidi hivi. Ikiamka, barua ya kwanza nitamchapia Bi Zuhura. Isipoamka, sitauza hata benchi moja, nitamng'ang'ania Godi anifundishe mpaka niisuke mwenyewe, na la saba langu hilo hilo. Duka silifungi. Na Tunu nitamwambia baba yake aliacha kitu kinachowaka, na sie tukakitunza.

Nisamehe kwa kuuondoa mkono wako pale. Pumzika, Baba Tunu. Mungu akuweke pema.

Godi ananiita, "Shemeji, tayari, njoo." Mama yako kasimama. Ile plasta imeanza kumbanduka Tunu gotini, nitaichukua niirudishe pale pale seva ikishawaka, ila kwanza nakwenda kuibonyeza.